Maswali ya Wasomaji: Moyo Baada ya Mimba

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi moyo wa mama mjamzito unavyolazimika kufanya kazi ya ziada, kwa kuwa kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50 kabla ya kujifungua, na jinsi mioyo ya baadhi ya wanawake inavyoshindwa kuhimili mzigo huo. Barua zilizotufikia baadaye haziulizi sana kuhusu mimba yenyewe. Zinauliza kuhusu miaka inayofuata: mama ameokoka, mtoto anatembea, majirani wamekwisha kusahau, je, ugonjwa nao umekwisha? Tumechagua barua nne, tumeondoa majina, na daktari wetu wa magonjwa ya moyo amezijibu.

Ninajisikia mzima. Je, niache dawa?

Daktari, nina umri wa miaka 31 na ninaishi Kayole, Nairobi. Wiki tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilianza kukosa pumzi nikipanda ngazi za nyumba yetu, miguu ikavimba, na usiku nikawa siwezi kulala ila nimeegemea mito. Duka la dawa walinipa dawa ya kikohozi, kisha zahanati moja ikanitibu nimonia. Nilipofika hospitali kubwa, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba moyo umepanuka na unasukuma asilimia 26 tu. Nilipewa dawa nyingi, pamoja na ya kukausha maziwa, ikabidi mtoto alelewe kwa maziwa ya kopo. Sasa mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na eko ya mwezi uliopita imesoma asilimia 56. Sina dalili yoyote. Mama mkwe anasema niliingiwa na baridi kifuani kwa sababu nilianza kufua nguo mapema, na mume wangu anauliza kama tunaweza kupata mtoto wa tatu. Nilikosea wapi? Niache dawa? Na je, naweza kuzaa tena?
*Mama wa wawili, Kayole*

Jibu: Dada yangu, naanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo linalouma zaidi. Hukukosea popote. Ugonjwa uliokupata ni wa misuli ya moyo kudhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuna sababu nyingine ya kudhoofika huko inayopatikana. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, waliobeba mapacha, waliopata presha ya mimba, na waliovuka umri wa miaka 30. Takriban asilimia 15 ya wagonjwa hukutwa na mabadiliko katika jeni zinazohusika na uimara wa misuli ya moyo, jambo ambalo mtu huzaliwa nalo. Kaskazini mwa Nigeria, ambako ugonjwa huu huonekana kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, madaktari wa Zaria waliwahi kudhani kwamba chanzo ni desturi ya mzazi kuoga maji moto sana na kunywa uji uliotiwa magadi; uchunguzi uliofanywa baadaye huko huko Nigeria haukuonyesha kwamba desturi hizo ndizo chanzo. Maji baridi ya kufulia hayamo kabisa katika orodha. Naomba umsomee mama mkwe wako sehemu hii kwa upole, kwa sababu naamini anakutakia mema.

Kuhusu maziwa ya kopo, usijilaumu. Homoni inayotengeneza maziwa inaweza kuvunjikavunjika na kutoa kipande kinachodhuru mishipa midogo ya moyo, na ndiyo sababu madaktari wengine huwapa wagonjwa waliodhoofika sana dawa iitwayo bromokriptini ili kuizuia. Utafiti mdogo wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 ndio uliofungua njia hiyo. Wanawake ambao hali yao si mbaya sana mara nyingi huruhusiwa kunyonyesha huku wakitumia dawa za moyo zinazofaa, kama vile enalaprili, kwa hiyo msomaji mwingine asichukue barua hii kama amri ya kuacha kumnyonyesha mtoto.

Sasa dawa. Moyo wa kawaida husukuma nje kiasi cha asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo ndani ya chumba chake kikuu kwa kila pigo, na ugonjwa huu hutambuliwa kiasi hicho kikiwa chini ya asilimia 45. Wewe ulianzia 26. Katika utafiti wa wanawake 100 uliochapishwa Marekani mwaka 2015, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walioanza na asilimia 30 au zaidi walipona ndani ya mwaka mmoja, lakini miongoni mwa walioanza chini ya hapo hawakufika hata wanne kati ya kumi. Umepona ukitoka upande ulio mgumu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na kulilinda. Dawa unazomeza ni sehemu ya kulilinda. Kutokuwa na dalili hakuthibitishi kwamba moyo umerudi kusimama peke yake. Huenda maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi ipasavyo. Wapo wanawake waliopona kwenye karatasi ya eko, wakaacha dawa zote kwa mkupuo, na moyo ukadhoofika tena baada ya miezi kadhaa.

Wataalamu wengi hupendelea dawa ziendelee kwa angalau mwaka mmoja hadi miwili baada ya moyo kupona kabisa. Nataka msomaji aone kwamba hesabu huanzia siku ya kupona, wala si siku ya kuugua. Muda huo ukitimia, daktari anaweza kupunguza dawa moja moja, akirudia eko baada ya kila hatua kabla ya kugusa dawa inayofuata. Hata ukifikia siku ya kutomeza dawa yoyote, uendelee kupimwa eko kwa vipindi, kwa maisha yako yote. Nasema maisha yote kwa makusudi, kwa kuwa nimekutana na wanawake wengi wanaodhani kwamba eko moja nzuri ni cheti cha kuhitimu.

Mimba nyingine ni swali zito zaidi, na sitakuficha takwimu. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, ulifuatilia wanawake 44 waliopata mimba tena baada ya ugonjwa huu. Kati ya wale ambao moyo ulikuwa umerudi katika hali ya kawaida, asilimia 21 walipata tena dalili za moyo kushindwa, na hakuna aliyefariki. Kati ya wale ambao moyo ulikuwa haujapona, dalili zilirudi kwa asilimia 44, na karibu mmoja kati ya watano alifariki. Wewe umo katika kundi la kwanza. Sitakwambia usizae, na sitakwambia uzae; hata hivyo, kama ni ndugu yangu angeniuliza, ningemwomba asiharakishe, ningemkumbusha kwamba hata kwa waliopona, dalili kumrudia mmoja kati ya watano si jambo dogo, na ningetaka uamuzi huo ufanywe akiwa na mumewe mbele ya daktari wa moyo na daktari wa uzazi wakiwa pamoja.

Mkiamua kujaribu, maandalizi huanza kabla ya mimba. Enalaprili, losartani na spironolaktoni haziruhusiwi katika ujauzito, kwa hiyo daktari huzibadilisha mapema, husubiri miezi kadhaa, kisha hurudia eko ili kuona kama moyo unastahimili bila dawa hizo. Ukidhoofika, jibu limepatikana kabla mtoto hajaingia hatarini. Usipostahimili, mpango huo huahirishwa. Ukistahimili, mimba hufuatiliwa katika hospitali yenye wataalamu wa moyo, kwa eko za mara kwa mara hadi miezi baada ya kujifungua. Kabla ya hapo tumia uzazi wa mpango wa kutegemewa. Kipandikizi cha mkononi na koili vinafaa. Vidonge vyenye estrojeni havifai kwa moyo uliodhoofika, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda. Lakini mwanamke hulazimika kusema mwenyewe kwamba aliugua moyo, kwa sababu mara nyingi anayempa vidonge hamwulizi.

Presha ya mimba iliisha. Mbona imerudi?

Daktari, nina miaka 39 na nakaa Githurai. Miaka tisa iliyopita nilipata presha ya mimba na protini kwenye mkojo, nikafanyiwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 33. Presha ilishuka baadaye, nikaambiwa yameisha. Majuzi kulikuwa na kambi ya matibabu kanisani kwetu, nikapimwa presha ikawa 142 kwa 92. Muuguzi alisema ni uchovu. Je, kuna uhusiano wowote na ile ya zamani?
*Mshonaji, Githurai*

Jibu: Upo uhusiano, na ninasikitika kwamba hukuelezwa siku ulipotoka wodini. Utando wa ndani wa mishipa ya damu huumia wakati wa presha ya mimba, na ingawa presha yenyewe hushuka baada ya kondo la nyuma kutoka, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu, mishipa ya wanawake wengi hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo ana uwezekano wa karibu mara nne wa kupata shinikizo la damu la kudumu baadaye maishani, na karibu mara mbili wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi, akilinganishwa na asiyeipata. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyelazimika kujifungua kabla ya wakati, kama wewe. Tangu mwaka 2011 Chama cha Moyo cha Marekani kimeiweka historia hii miongoni mwa vihatarishi vya magonjwa ya moyo kwa wanawake.

Kipimo kimoja cha kambini hakitoshi kukuita mgonjwa, lakini kinatosha kukupeleka kliniki. Upimwe siku tofauti, ukiwa umeketi na kutulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza, na bila kuzungumza. Kipimo kikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hilo ni shinikizo la damu na linahitaji tiba. Omba pia upimwe sukari, lehemu, na mkojo ili kuangalia figo. Mweleze daktari kama bado unatarajia kuzaa, maana baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mjamzito. Na kazi ya kushona humweka mtu kitini mchana kutwa: kama unaweza kutembea kwa miguu kipande cha safari ya kwenda na kurudi, fanya hivyo, na chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu na ile iliyomo katika vyakula vya kununua njiani.

Naomba nafasi ya kusema jambo moja ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Mtoto anayezaliwa Nairobi ana ratiba ya chanjo inayojulikana na kila mama: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Kitabu cha kliniki kinatunzwa kabatini pamoja na vyeti vya shule. Mama aliyemleta mtoto huyo, hata kama alikaribia kufa kwa kifafa cha mimba, baada ya wiki ya sita mara nyingi hana tarehe yoyote iliyoandikwa kwa ajili yake. Anakaa kwenye benchi akimshika mtoto apimwe uzito, na mashine ya presha ipo chumba cha pili. Kila mama aliyewahi kupata presha ya mimba na aombe presha yake ipimwe siku hizo hizo za chanjo, na matokeo yaandikwe katika kitabu hicho hicho, kisha aendelee kupimwa kila mwaka mtoto akishamaliza chanjo. Gharama yake ni ndogo sana. Kama muuguzi anasoma ukurasa huu, namsihi asingoje kuombwa.

Mke wangu ana vali ya chuma, na hedhi imechelewa

Daktari, mke wangu ana miaka 27. Alilazwa akiwa mjamzito, ikagunduliwa kwamba vali moja ya moyo wake imeharibika tangu utotoni. Baada ya kujifungua aliwekewa vali ya chuma, na tangu hapo anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa hedhi yake imechelewa wiki mbili. Jirani amemwambia dawa hiyo inalemaza watoto, naye anataka kuiacha. Pia tumeambiwa asile sukuma wiki, nasi hapa Kawangware ndiyo mboga yetu ya kila siku.
*Mume mwenye wasiwasi*

Jibu: Ndugu, barua yako tuliijibu kwa simu siku tuliyoipokea, kwa kuwa kungoja toleo lichapishwe kungekuwa hatari. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine walio katika hali kama hiyo.

Asiache wafarini kwa uamuzi wake mwenyewe. Jirani amesema ukweli nusu: dawa hiyo hupita kwenye kondo na inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito. Nusu iliyobaki ni kwamba vali ya chuma isiyo na kinga inaweza kuganda damu na kuziba, na mama akafariki pamoja na mtoto. Suluhisho ni kupima mimba leo na kufika kliniki ya moyo kesho, ambako madaktari wataangalia kipimo cha dawa anachotumia, kwa sababu hatari kwa mtoto hupungua kikiwa miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo, kisha waamue kama ataendelea nayo au atahamishiwa sindano za heparini, ambazo nazo huzuia damu kuganda lakini hazimfikii mtoto, kwa majuma hayo ya mwanzo. Sindano hizo nazo zinahitaji kupimwa kwa ukaribu sana. Zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo huenda akashauriwa na mtu kwa nia njema, hazifai kwa vali ya chuma.

Sukuma wiki si mwiko. Ina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya wafarini. Lakini kipimo cha dawa hurekebishwa kulingana na chakula ambacho mtu amezoea. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asiiache ghafla wala asiizidishe ghafla, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kitaonyesha kama mambo yako sawa. Kwa vali ya chuma upande wa mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, lengo la INR huwa kati ya 2.5 na 3.5. Kinachonitia hofu kuliko mboga ni dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na mitishamba, ambazo zinaweza kumfanya avuje damu.

Vali yake iliharibiwa na homa inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka katika utoto. Vali mpya haiondoi hatari ya homa hiyo kurudi na kuharibu vali nyingine, ndiyo maana sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne huendelea hata baada ya upasuaji, kwa muda atakaoelekezwa. Watoto wenu wakiumwa koo pamoja na homa, watibiwe mapema.

Binti yangu hajapona kabisa

Daktari, binti yangu wa miaka 24 aliugua moyo baada ya kuzaa, na baada ya mwaka mmoja moyo wake unasukuma asilimia 38. Amerudi kwangu Dandora. Anataka kurudi Gikomba kuuza mitumba. Mimi mama yake nimtunze vipi?
*Mama mzazi, Dandora*

Jibu: Mama, usikate tamaa kwa sababu ya mwaka mmoja kupita, kwa kuwa wako wanaoendelea kupata nafuu hata baada ya huo. Kuuza anaweza, ikiwa mwingine atabeba marobota. Kutembea taratibu kila siku kunamfaa kuliko kulala. Mimba asipate kwa sasa. Kwa moyo ambao haujapona nimekwisha kueleza takwimu hapo juu, na kipandikizi au koili iwekwe kabla hajarudi kazini. Dawa asikose hata siku moja, na daktari aulizwe waziwazi kama zimefikia kiwango cha juu anachoweza kustahimili, kwa sababu wengi hubaki kwenye kipimo kidogo walichoanzishiwa wodini. Ahakikishe pia usajili wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF hapa Kenya Oktoba 2024, na aulize mapema ni hospitali gani itampima eko chini ya mpango huo.

Mwangalie moyo wa pili pia, ule wa huzuni. Msichana wa miaka 24 aliyeambiwa asizae na asibebe mzigo huenda akanyamaza, asile, asilale. Akiwa hivyo kwa zaidi ya wiki mbili, mwelezeni daktari, kwa sababu unyonge huo una tiba yake.

Nunueni mizani. Ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, aandike. Uzito ukipanda kwa kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, na aende kliniki kabla miguu haijavimba. Akianza kuhitaji mto wa ziada, kukohoa usiku, kuhisi moyo unakimbia, kuzimia, au mkono na uso kulegea upande mmoja, msingoje kupambazuke. Mkifika hospitalini chukueni karatasi ya eko ya mwisho na orodha ya dawa, na sentensi ya kwanza atakayosema mlangoni iwe kwamba aliugua moyo baada ya kujifungua, kwa sababu msichana wa umri wake anayehema hudhaniwa kirahisi kuwa ana pumu au nimonia.